Mwacheni mtoto na ulimi wake

Swali limerudi tena wiki hii, safari hii kwa mama mwenye mtoto wa miaka minne: "Daktari, tumkate udata lini ili kigugumizi kiishe?" Nawajibu wazazi wote kwa pamoja: kwa ajili ya kigugumizi, hakatwi. Si leo wala akikua.

Msikilizeni akiimba. Wengi wenye kigugumizi huimba wimbo mzima, au husoma kwa sauti pamoja na wenzao, bila kukwama. Ulimi ni uleule, na kinyama cha chini yake ni kilekile. Kama umefungwa, nani aliyeufungua wimbo ulipoanza? Udata upo, ndiyo. Humtatiza mtoto mchanga kunyonya, na pengine huharibu matamshi ya sauti chache, lakini sauti hizo hukosewa kila siku. Kigugumizi huja na kuondoka: asubuhi maneno yanatiririka, jioni jina lake mwenyewe linagoma kutoka.

Tena kukata kulishajaribiwa. Mwaka 1841 Johann Friedrich Dieffenbach, mpasuaji maarufu wa Berlin, alikata vipande vya shina la ulimi wa wenye kigugumizi. Etha ilionyeshwa hadharani kuwa dawa ya usingizi mwaka 1846, kwa hiyo watu wale walikatwa wakiwa macho. Wapasuaji wengine wa Ulaya wakamuiga, damu ikamwagika, kisha upasuaji huo ukaachwa. Inaniumiza kuona wembe bado unatafutwa leo.

Chanzo kiko kwenye ubongo na urithi. Picha za ubongo zinaonyesha tofauti katika njia za neva zinazounganisha sehemu za kupanga na kutamka maneno, hasa upande wa kushoto. Mwaka 2010 Dennis Drayna na wenzake huko Marekani, wakianzia na familia za Pakistan, walitaja jeni tatu: GNPTAB, GNPTG na NAGPA, zinazosaidia vimeng'enya kufika panapostahili ndani ya seli. Mwaka 2015 ikaongezwa AP4E1, kutoka familia kubwa ya Kameruni. Jeni hizi zinaeleza sehemu tu ya wenye kigugumizi. Nyingine nyingi zinahusika. Basi wazazi acheni kujilaumu kwamba mlimkaripia.

Sasa la kufanya. Karibu mtoto 1 kati ya 20 hupitia hali hii na wengi hupona wenyewe. Ikizidi miezi sita, ikiwa ukoo wenu unayo, au akianza kukwepa kuongea, muoneni mtaalamu wa tiba ya usemi. Ulizeni idara ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Nyumbani ongeeni polepole, msimmalizie neno, msimwambie "vuta pumzi", ndugu zake wasimuigize. Mwalimu aambiwe mapema. Mtu mzima naye husaidika. Dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa kigugumizi haipo, kwa hiyo anayewauzia ya kupaka chini ya ulimi mkatalieni.