Tulikwenda Kendwa Kutazama Nyota

Akina mama wengi wa Unguja tunaukumbuka mwisho wa mwaka 2009. Tarehe 10 Desemba umeme unaoletwa kwa waya chini ya bahari kutoka Bara ulikatika, nao haukurudi mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu tulibeba maji kwa ndoo, tukapika kabla jua halijatua, na wale kati yetu tulio wauguzi tukafunga vidonda kwa mwanga wa tochi. Ilikuwa dhiki kubwa, wala hatuitamani irudi. Lakini usiku, joto lilipotufukuza ndani, tulipanda juu ya paa pamoja na watoto, na hapo, juu ya Mji Mkongwe, tukaona nyota ambazo taa za mji zilikuwa zimetuficha miaka yote. Umeme uliporudi tulipiga vigelegele kama wengine. Nyota zikapotea usiku ule ule.

Watoto wetu wadogo hawakuwapo wakati huo. Wanajua nyota za kwenye bendera na za kwenye daftari la mwalimu. Basi sisi akina mama saba wa kikundi kimoja cha kanisa tulikubaliana kuwapeleka mahali penye giza, tulale nje usiku mmoja, watazame. Kila mmoja alitia shilingi 5,000 kwa wiki muda wa wiki sita. Baba mmoja alituuliza kama mbingu za mjini zimekwisha. Tulimjibu kwamba zipo, ila zimefunikwa.

Tulichagua Kendwa, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya mji, jirani na Nungwi. Huenda wasomaji wetu wapendwa watacheka, maana Kendwa inajulikana kwa wageni kwa sherehe za ufukweni za usiku wa mwezi mpevu. Sisi tulitaka kinyume chake. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake hufuta nyota ndogo zote, kwa hiyo mtu atakaye kutazama nyota hana budi kwenda mwezi unapoandama. Mwezi uliandama tarehe 29 Januari 2025, nasi tukaondoka Ijumaa ya tarehe 31, watoto walipotoka shule. Mwezi huo ulikuwa na neema ya pekee: Zuhura, Zohali, Mushtari na Mirihi, zote nne zilionekana jioni moja.

Januari pia ni wakati wa upepo wa kaskazi. Mvua za vuli zimekwisha na masika hayajaanza, kwa hiyo anga mara nyingi huwa safi. Lakini kisiwa ni kisiwa. Wingu laweza kuinuka baharini na kukufikia kabla chai haijachemka. Utabiri wa redioni husema mvua itanyesha katika maeneo machache, na hakuna ajuaye kama hayo machache ni pamoja na pale ulipotandika mkeka.

Matayarisho

Kabla ya safari wawili wetu walikwenda kumwona sheha kuomba ruhusa, jambo ambalo twawasihi wenzetu wasilipuuze. Kikundi cha wanawake na watoto hakilali katika kijiji cha watu bila kupiga hodi. Sheha alitukabidhi kwa mzee mmoja mvuvi, naye akatupa kiwanja nyuma ya kijiji, mbali na taa za mahoteli, penye mawe ya matumbawe na minazi michache tu. Alitutahadharisha juu ya nge na tandu. Kwa hiyo kila kiatu kilikung'utwa kabla ya kuvaliwa, na hakuna mtoto aliyetembea miguu mitupu.

Tulichukua mahema mawili ya kuazima, vyandarua, mablanketi kwa ajili ya umande, mihogo ya nazi, vitumbua, na birika kubwa la chai ya tangawizi. Mmoja wetu alikuwa na darubini ya kushika mkononi, ile ya macho mawili yenye kigurudumu katikati. Tochi tulizifunika kwa mifuko myekundu. Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa ghafla huvunja kazi hiyo mara moja, lakini mwekundu hauliudhi sana. Simu zote ziliwekwa kapuni. Tukiri kwamba watoto walizitoa upesi kuliko mama zao.

Wingu

Jua lilizama baharini kabla kidogo ya saa moja. Mwezi mwembamba kama ukucha ulikuwa upande wa magharibi, juu yake Zohali hafifu, na juu zaidi Zuhura iking'aa kwa nguvu. Watoto walirukaruka. Binti wa mwenzetu mmoja, mwenye umri wa miaka kumi, alisema Zuhura ni kubwa kama ua na ina miali pande zote. Tulimsifu kwa maneno mazuri. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Saa mbili ilipofika, nyota za upande wa kaskazini mashariki zilianza kutoweka moja moja, kana kwamba mtu anavuta pazia. Kisha mvua. Tulijibana ndani ya mahema mawili, watu kumi na tisa, maji yakipenya kwenye mishono. Mtoto mmoja alilia anataka kwao. Mwenzetu mmoja alitaka dereva aitwe tuondoke, na mwingine akamjibu vibaya, akatajiwa shilingi zake 30,000. Hayo nayo tunayasema, maana picha za safari huonyesha vicheko tu.

Mzee wetu alikuja na mwavuli na dele la kahawa. Tulimwamkia, akatuitikia, akachuchumaa mlangoni mwa hema. "Wanangu, mvua ya kaskazi haikai," alisema. "Msikimbie." Akawasimulia watoto habari za kwenda dago, wavuvi wanapohamia pwani ya mbali na kupiga kambi kwa majuma, na jinsi baba yake alivyojua saa za usiku kwa nyota alipokuwa baharini. Akawaeleza na Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho jina lake latokana na kulima. Mwezi wa Mei hakionekani kwa sababu kimekaa upande wa jua. Mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri. Ndiyo maana wazee husema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watoto walishangaa tulipowaambia kwamba jina hilo hilo limo katika vitabu vya Ayubu na Amosi.

Mvua ilikatika saa tatu na nusu. Wingu lilikaa saa nzima zaidi. Nusu ya watoto walikuwa wamelala, na sisi tulikuwa tumeanza kukunja mikeka.

Kilimia

Saa nne na nusu pazia lilifunguka. Hatujui kulieleza vizuri. Nyota zilikuwa nyingi hata nafasi kati yake ikawa haba. Tuliwaamsha watoto wote. Mirihi nyekundu ilikuwa juu upande wa kaskazini, Mushtari ikielekea baharini, na chini ya Mushtari palikuwa na Kilimia. Mbali baharini palionekana mstari wa taa za wavuvi wa dagaa, ambao nao huzipenda siku za giza kama sisi. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi ni taa za betri, na ni kali. Kule Namibia wametenga hifadhi maalumu ya giza, NamibRand, tangu 2012. Sisi hatuwezi kumwambia mvuvi azime riziki yake. Tuliwageuza watoto kidogo tu.

Tulifanya mchezo wa kuhesabu nyota za Kilimia. Watu wengi huona sita, wenye macho makali saba au zaidi. Mchezo huu ni wa kale. Waarabu nao walikuwa na nyota yao ndogo, Suha, ya kupimia macho. Watoto walipiga kelele: sita, saba, sita. Yule binti wa miaka kumi alinyamaza. Alipoulizwa alisema haoni nyota hapo, anaona moshi. Mama yake, ambaye alikuwa amelowa na kuchoka, alimwambia kwamba siku zote hataki kutazama.

Darubini ilikuwa ikizunguka kwa zamu. Ilipomfikia, alikizungusha kigurudumu cha katikati, akakizungusha tena, kisha akatulia kimya kwa muda mrefu. "Ni nyingi," alisema. "Mama, ni nyingi kama chumvi." Kisha akampa mtoto aliyefuata, na mtoto yule akalalamika kwamba darubini imeharibika. Tuliichukua sisi wenyewe. Kweli, kila kitu kilikuwa ukungu. Aliyefuata akairekebisha, wote wakaona vizuri tena. Zamu ya binti ilipofika mara ya pili, akakizungusha kigurudumu mpaka pale pale, na ikawa ukungu kwetu sote isipokuwa yeye.

Hapo wawili wetu tulio wauguzi tulitazamana gizani. Kigurudumu kile hufanya kazi ifanywayo na miwani: huusogeza mwanga mpaka uangukie mahali pake ndani ya jicho. Darubini iliyomfaa yeye haikuwafaa wengine kwa sababu macho yake hayakuwa kama ya wengine. Mtoto alikuwa haoni mbali. Ua lenye miali aliloliona jioni lilikuwa ni Zuhura jinsi inavyoonekana kwa macho ya namna hiyo.

Tulimvuta mama yake kando, tukamweleza. Hakusema neno. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai, alisema kwamba mwaka uliopita mtoto alihamishiwa dawati la nyuma kwa sababu ni mrefu. Tangu hapo alikuwa akinakili ubaoni vibaya, na nyumbani akaambiwa ni mvivu. Alichapwa mara tatu. "Nilimchapa mimi," alisema, "si mwalimu." Hatukuwa na la kumjibu. Mmoja wetu alimfunika kanga mabegani.

Saa nane za usiku, wengine walipolala, tuliwaona wawili hao wamekaa juu ya mawe, wamejifunika blanketi moja. Msalaba wa Kusini ulikuwa umepanda juu ya minazi, umelala kidogo ubavuni. Mama alikuwa akiushikilia mkono wa binti na darubini pamoja.

Macho ya mtoto

Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Hadhani kuna mtu anayeona zaidi yake, kwa hiyo hatakuja kukuambia. Mtazame wewe, mama: akikunja macho kutazama mbali, akiukaribia mno ubao au televisheni, akinakili kwa jirani, akilalamikia kichwa, au asipokutambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Mpeleke akapimwe. Miwani haiharibu macho ya mtoto, ingawa bibi wengi husema hivyo. Kucheza nje mchana, kwenye mwanga wa jua, husaidia macho ya watoto yasifike huko.

Kuna na hali nyingine isiyofaa kuchanganywa na hii. Mtoto anayejikwaa na kupapasa vitu magharibi inapoingia, hali mchana huona vizuri, huenda amepungukiwa na vitamini A. Huyo afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa, kwa maana upungufu huo waweza kumpofusha kabisa. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kisamvu, mchicha, matembele, papai, embe na maini yasikosekane jikoni. Na tafadhali, maziwa ya mama, majani yaliyotwangwa, au dawa ya jirani visitiwe katika jicho la mtoto. Tumeyaona matokeo yake.

Binti alipimwa wiki iliyofuata katika kliniki ya macho mjini. Kwa jicho la kulia alisoma mstari wa kwanza tu. Akapata miwani, akarudishwa dawati la mbele. Njiani kurudi nyumbani alimwuliza mama yake tangu lini mwembe una majani mamoja mamoja.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, nasi tulikusanyika tena, safari hii juu ya paa mjini, maana mwezi waweza kuutazama popote, wala kupatwa kwake hakudhuru macho kama kupatwa kwa jua. Ulianza kuliwa kabla kidogo ya saa moja na nusu usiku. Mawingu yakaja, kama kawaida yake. Saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu wote, na mpaka karibu saa nne ulibaki hivyo, ukitokea na kujificha. Mwanga wake ulipofifia, nyota zilizokuwa zimefichwa zikajitokeza, na binti yule akanyosha kidole kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Zohali, ile pale, chini ya mwezi."

Mama yake alimwuliza kama ana hakika si taa ya mnara. Mtoto alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga ya mama, akaivaa, akatazama tena.

"Si mnara, mama. Ni yenyewe."