Herufi Kando ya Reli: Lugha ya Kikazi na Mgeni wa Stesheni ya Usoke

Usoke ni stesheni ya Reli ya Kati iliyo baina ya Tabora na Urambo, katika nchi ya Wanyamwezi. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika kipindi hicho cha mwisho ndipo ilipopita Usoke. Tangu hapo wakazi wake wameishi na lugha mbili za reli. Moja husemwa na watu wanaosubiri treni wakiwa wameketi juu ya mizigo yao. Nyingine huandikwa ubavuni mwa mabehewa, kwenye tiketi, katika mbao za matangazo na katika barua za ofisi, na sehemu yake kubwa ni herufi zilizofuatana: EAR, TRC, TRL, RAHCO, MGR, SGR. Mgeni, awe karani mpya wa stesheni au mkulima wa tumbaku anayesafiri kwa mara ya kwanza, huikuta lugha hii ya pili kama mazungumzo yaliyoanza kabla hajaingia.

Kila kazi ina rejista yake, na hakuna anayemlaumu mvuvi au seremala kwa kuwa na maneno yasiyojulikana na wengine. Rejista huokoa wakati na huondoa utata miongoni mwa wajuzi. Tatizo huanza pale inapotoka karakana na kuwekwa mbele ya mtu ambaye hana budi kuitumia, hali hakuna aliyepewa jukumu la kumfafanulia.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi likilinganishwa na lugha iliyotangulia reli. Kwa sehemu kubwa reli ilifuata uelekeo wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, na misafara hiyo nayo ilikuwa na istilahi zake. Kirangozi ndiye aliyetangulia na kuongoza njia. Nyapara alisimamia wapagazi. Posho ilikuwa chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, alichogawiwa mpagazi. Hongo ilikuwa ada iliyodaiwa na mtawala wa nchi inayopitwa, na wasafiri waliopita Ugogo waliijua barabara. Kuterekeza kulikuwa kuondoka mchana baada ya kupumzika, kulala porini pasipo maji, kisha kuyafikia maji asubuhi ya pili. Mpagazi mgeni aliyelisikia neno hili kwa mara ya kwanza hakuhitaji kamusi. Kabla ya alfajiri koo lake lilikuwa limekwisha kumweleza maana yake.

Maneno hayo yalifundishwa na kazi yenyewe, na ndiyo maana yalidumu hata kazi ilipokwisha. Nyapara alihamia kwenye mashamba, barabara na magereza. Posho sasa hulipwa vikaoni. Hongo ilipoteza uhalali wake ikawa rushwa, na leo anayeipokea huogopa TAKUKURU.

Reli ilipokuja, Kiswahili hakikukaa kimya. Miti na vyuma vinavyobeba reli vilipewa jina la mataruma, na taruma katika kamusi za zamani ni ubao wa kuimarishia chombo cha baharini. Behewa lilikuwa neno la nyumba, ukumbi au ua wa ndani, kabla ya kuwa chumba kinachokwenda juu ya magurudumu. Gari la moshi linajieleza lenyewe. Yaliyokopwa nayo yalivishwa irabu yakakubalika: stesheni, gadi, genge la watengeneza njia, tiketi. Kigari cha wakaguzi wa njia kikaitwa kiberenge. Asiyemjua gadi humwona, humuuliza, na baada ya safari moja anamjua. Neno la namna hii lina mlango.

Kifupisho hakina mlango. Neno TRC halimwambii msikilizaji chochote mpaka ajue maneno matatu ya Kiingereza yaliyofichwa ndani yake, na hata akiyajua bado hajafika. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda, likazaliwa shirika la EAR&H. Mwaka 1969 bandari zilitengwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda TRC. Mwaka 2007 uendeshaji wa treni ulikabidhiwa TRL, kampuni ya ubia baina ya Serikali na RITES ya India, huku njia, majengo na ardhi vikiwa chini ya RAHCO. Ubia huo ulivunjika, na sheria ya mwaka 2017 ikaviunganisha tena vyombo hivyo viwili kwa jina la TRC. Kwa hiyo TRC ni mbili. Mtafiti kijana anayekuta herufi hizo kwenye jalada la 1985 na kwenye gazeti la 2020 hudhani anasoma habari za shirika moja lisilokatika. Mkulima aliyekuwa na shauri la ardhi kando ya reli mwaka 2012 alikuwa na mashaka makubwa zaidi, kwani aliyemkatia tiketi hakuwa aliyemiliki ardhi, na hakuna alama yoyote ndani ya herufi zenyewe iliyoonyesha tofauti hiyo.

Sarufi nayo husita. Magazetini husomwa «TRC limetangaza» na pia «TRC imetangaza». Anayeandika *limetangaza* analiona neno *shirika* nyuma ya herufi. Anayeandika *imetangaza* amekwisha kuliacha, akaziweka herufi katika ngeli ya I-ZI kama nomino nyingine za kukopwa. Upatanisho huu ni kipimo kizuri cha umbali uliopo baina ya kifupisho na maana yake. Akronimu zilizoundwa kwa silabi wazi hazina shida hiyo kubwa. BAKITA na TAKUKURU hutamkika kama maneno ya Kiswahili, tena maneno yaliyomo ndani yake ni ya Kiswahili. TAZARA ina maneno ya Kiingereza, lakini kwa umbo imefanana na jina la binti, na watu wameipenda. SGR haina bahati hiyo: ni konsonanti tatu ambazo msemaji hulazimika kuzitaja moja moja kwa majina yao ya Kiingereza.

Hata hivyo, utamu wa sauti si uwazi. Katika miaka ya 1940 ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge ilijulikana kwa kifupisho chake, SILABU, na watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika walisafirishwa nayo kwa reli kwenda mashambani. Jina hilo lilitamkika kwa urahisi kabisa. Wenyewe walioajiriwa waliitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa kila mmoja. Inafaa kuona nani alibuni nini hapa. Ofisi ilijipa herufi zinazoficha kazi yake, na watu wakabuni neno linalotaja waziwazi kilichowapata.

Ufupisho unaoumiza kuliko wote, lakini, hauna herufi hata moja. Ni saa. Reli huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu 12 za mchana na 12 za usiku. Ratiba ikiandika 01.30 Jumanne, msomaji wa Usoke ana kazi tatu za kufanya kabla hajafunga mzigo. Kwanza ageuze saa, apate saa 7:30 usiku. Pili asichanganye na saa moja na nusu, ambayo ndiyo tarakimu inayomkodolea macho. Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, aijue siku. Katika hesabu ya zamani ya Waswahili, siku huanza jua linapotua, hata usiku wa Ijumaa ukawa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Katika hesabu ya watu wengi wa leo, usiku wa Jumanne ni ule unaofuata mchana wa Jumanne. Anayefuata hesabu hii ya pili atafika stesheni Jumanne jioni, na treni itakuwa imeondoka siku nzima iliyopita. Kiswahili kina dawa yake, nayo ni nzuri mno: usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Ni maneno matano mahali pa moja, na ratiba yoyote ina nafasi ya kuyaweka.

Si wakulima peke yao wanaopotea. Wapenzi wa reli duniani, wanaozuru makumbusho na kukusanya picha za injini za mvuke, wana lugha ngumu zaidi, nayo humkabili hata Mtanzania anayetaka kujifunza historia ya reli yake. Husema injini fulani ni 2-8-2, au Mikado. Tarakimu hizo ni idadi ya magurudumu: mawili madogo mbele, manane ya kuvuta, mawili nyuma. Ni mpangilio wa injini za daraja la 29 za EAR, zilizopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Lakini Wajerumani huhesabu ekseli, si magurudumu, na mpangilio huo huo kwao ni 1D1. Anayesoma nyaraka za reli moja kutoka tawala mbili huweza kudhani ni injini mbili tofauti. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi imo injini namba 5918, ya daraja la 59, iliyoundwa Manchester katika miaka ya 1950. Mpangilio wake ni 4-8-2+2-8-4, na jina lake ni Mount Gelai, mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Mtoto wa shule akisimama mbele yake ataukumbuka mlima.

Lugha inayozaliwa sasa inarudia mambo hayo hayo. Treni za SGR zilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022. Herufi hizo hufafanuliwa rasmi kuwa reli ya kiwango cha kimataifa. Tafsiri hii inastahili kukosolewa, kwa kuwa jambo linalotajwa ni upana wa njia: milimita 1,435 baina ya reli na reli, dhidi ya 1,000 za reli ya zamani, yaani MGR, na 1,067 za TAZARA. Kiwango kwa Mswahili ni ubora. Msikilizaji huondoka akidhani reli ya zamani iko chini ya kiwango, ilhali ni nyembamba tu. *Upana sanifu* ungetosha.

Abiria, kama kawaida yao, hawakungoja. Treni ya mjini Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2012 waliiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri. Treni mpya ya umeme yenye pua iliyochongoka wameiita mchongoko. SGR yenyewe wameiita mwendokasi, ingawa neno hilo lilikwisha kupewa mabasi ya Dar es Salaam yaliyoanza mwaka 2016, hata mgeni kutoka Usoke akielekezwa mjini humo apande mwendokasi, ni lazima aulize ni ya matairi au ya reli.

Iko herufi moja ambayo hakuna anayeiulizia kirefu chake: X ya rangi nyekundu inayopigwa kwenye ukuta wa nyumba iliyoonekana kuwa ndani ya hifadhi ya reli. Mwenye nyumba huielewa kabla rangi haijakauka. Asichoelezwa na herufi hiyo ni aende wapi. Kama ana barua ya mwaka 2015 iliyotoka RAHCO, inambidi apate mtu wa kumwambia kwamba mlango huo umefungwa, na kwamba shauri lake sasa liko TRC, ile ya pili.