Mwanga wa Kuchomelea na Macho ya Watoto Wetu

Ukitembea leo Musoma, Bunda au Butiama, ni vigumu kumaliza mtaa bila kumkuta fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha ya nondo, vitanda, mikokoteni ya ng'ombe, plau, mashine za kusaga, hata makarasha ya wachimba dhahabu wa Buhemba, vyote hupita mikononi mwake. Kazi hii inasomesha watoto wengi. Lakini hufanyika nje kabisa, kando ya njia, na wanaoitazama ni wengi kuliko wanaoifanya. Kwa hiyo mwezi huu tunaandika kwa ajili ya mafundi, na vilevile kwa ajili ya mama anayeuza vitumbua hatua chache kutoka hapo, na watoto wanaopita wakitoka shule.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Umeme unaporuka kutoka kwenye kijiti kwenda kwenye chuma hutoa joto la nyuzi elfu kadhaa, chuma kikayeyuka na kuungana. Pamoja na ule mwanga mweupe hutoka mionzi tusiyoiona, ya aina iliyomo katika jua, ila hapa iko karibu sana na ina nguvu. Mionzi hiyo huunguza utando wa mbele wa jicho. Nayo haiumi papo hapo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtoto husimama alasiri akishangaa cheche, kisha akacheza, akala, akalala. Usiku wa manane anaamka akilia kwamba macho yamejaa mchanga. Yamekuwa mekundu, yanatoa machozi, na hataki kuona taa. Mama hamkumbuki fundi hata kidogo. Atadhani ni ugonjwa wa macho wa kuambukizana, au mkono wa mtu. Kwa kawaida maumivu huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12.

Viwanda vikubwa vina namna moja ya kuchomelea ambayo mwanga huo hauonekani. Mashine humwaga unga mzito wa madini juu ya kiungio, na waya unaoyeyuka hupita chini ya unga huo, umefukiwa kama kiazi kwenye majivu. Njia hii ilianza Marekani miaka ya 1930, ikatumika sana kuunda meli wakati wa Vita Kuu ya Pili, na leo huunga mabomba makubwa na matangi. Tazama mtungi wa gesi wa jikoni: ule mshono unaouzunguka kiunoni mara nyingi umefanywa hivyo. Mwendesha mashine akiona mwanga unachungulia, anajua unga umepungua au umekwama njiani, naye husimamisha kazi arekebishe. Mshono ukitoka na vitobo, huangalia kama unga umeingiwa na unyevu, au chuma kina kutu na mafuta. Hata yeye hahitaji kuacha miwani, maana ganda la moto linalobanduka juu ya mshono huruka, na vumbi la unga huo si la kuvuta.

Geti haliwezi kuungwa kwa namna hiyo, kwani mashine ile hutaka chuma kilicholala na mshono mrefu. Basi mtaani tusipoweza kuufukia mwanga, tuuzibe. Turubai nzito upande wa njia yatosha, au bati kuukuu lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Bati jipya huurudisha mwanga kwa jirani. Fundi avae kinyago chenye kioo namba 10 au 11, si miwani ya jua. Kijana anayemshikia chuma naye avae chake. Kufumba macho na kugeuza uso, kama tunavyowaona wengi wakifanya, si kinga. Na fundi apaze sauti kabla ya kugusisha kijiti.

Macho yakishaungua, mlaze mgonjwa mahali penye giza, mwekee kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Asisugue. Msitie maziwa ya mama, maji ya sukari wala viazi, na msinunue dawa ya matone bila kuandikiwa: yako matone yanayoondoa maumivu mara moja huku yakichelewesha kidonda kupona. Mara nyingi nafuu huja ndani ya siku 1 au 2. Isipokuja, au kama kuona kumepungua, nendeni hospitali. Na kama jicho linalouma ni moja tu, na lilianza wakati wa kutumia grainda, huenda kuna kipande cha chuma ndani. Huyo asingoje kesho.

Moshi nao una mambo yake. Fundi akichomelea bomba la mabati, rangi ile ya fedha huwaka ikawa moshi mweupe. Jioni hushikwa na baridi, homa, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Kwetu Mara, nani hatasema ni malaria? Apime, ndiyo, lakini amweleze mganga kazi aliyofanya mchana. Maziwa wanayokunywa mafundi ni chakula kizuri, ila huenda tumboni, na moshi uko mapafuni. Dawa ni kukwangua mabati kwanza, kwa barakoa ya vumbi, na kukaa upande upepo unakotoka. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kuhusu mashine, hasa zile zinazosukwa mtaani: ukigusa boksi lake ukahisi kutekenywa, zima umeme ukutani kabla ya kutafuta sababu. Waya ukipata moto mahali pamoja, kiungo hicho kimelegea. Kijiti kikinata na kutema, huenda kimelowa. Kikaushwe, na kijiti kisibadilishwe kwa mkono wenye jasho. Mvua ikianza, kazi isimame.

Mwisho, pipa lililowahi kuwa na petroli, tangi la mafuta la boti au la pikipiki, lisiguswe kwa moto hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndio hulipuka. Mtungi wa gesi unaovuja usipelekwe kabisa kwa fundi wa kuchomelea. Fungeni vali, utoeni nje mbali na moto, na umrudishieni aliyewauzia.