Nyumba mpya: tupange duche na choo mbele ya kuinua ukuta



Kandokando ya barabara ya taifa namba 4, kutoka Beni kupitia Mavivi mpaka Oicha, tunaona nyumba mpya zinainuka. Kuna familia zilizokimbia vita na sasa zimerudi, zinajenga tena. Kuna wengine kakao imewasaidia, wanaacha nyumba ya miti na udongo na kuingia ya matofali. Hiyo ni furaha. Lakini tukipita kwenye viwanja, mara nyingi mpango ni uleule: saluni kwanza, kisha vyumba, kisha manjanja. Ukiuliza duche na choo vitakuwa wapi, unajibiwa: "Ile tutaona nyuma." Na hiyo nyuma ikifika, pesa imekwisha. Choo kinachimbwa pale palipobaki nafasi, hata kama ni juu kidogo ya kisima.

Mtu anaweza kuuliza: waagronomu wanatafuta nini kwenye duche ya watu? Jibu ni rahisi. Maji ya kuoga ni maji ambayo migomba inaweza kunywa. Kinyesi kilichowekwa vibaya kinaingia kwenye kisima, na mtu mwenye kuhara haendi shambani. Tena bidoni za maji zinabebwa na mikono ileile inayopalilia. Kwa hiyo duche ni jambo la shamba pia.

Tuanze na hesabu ya maji

Tuchukue familia ya watu 8. Kila mtu akioga na litri 15 kwa siku, hiyo ni litri 120, maana yake bidoni 6 za litri 20. Sasa wengine wanataka choo cha ndani cha kumwagia maji, kama kwenye nyumba za mjini Butembo. Ni kizuri, hatukatai. Lakini kama kila mtu anakiingia mara 4 kwa siku, na kila mara anamwaga litri 5, ni litri 160: bidoni zingine 8. Jumla ni bidoni 14 kila siku, bila maji ya kupika na ya kufua. Kama hakuna robine kwenye kiwanja, nani atachota? Tunajua: ni mama na wasichana. Baada ya wiki mbili maji yanakosekana, choo kinanuka ndani ya nyumba, na mlango wake unafungwa na kufuli.

Ndiyo maana kwa nyumba isiyokuwa na robine tunashauri hivi: duche ikae ndani au ishikamane na ukuta wa nyuma, choo kikae nje. Maji ya kuoga hayana hatari kama kinyesi, na yanatoka kirahisi kwa tiyo. Kinyesi kinahitaji shimo, hewa, na umbali.

Choo kisiwe mbali sana, kisiwe karibu sana

Zamani choo kiliwekwa mwisho kabisa wa kiwanja, karibu na mikakao. Leo, na usalama tunaoujua hapa kwetu, nani atamtuma mtoto huko saa nne ya usiku? Wengi wanatumia ndoo ndani, au wanajizuia mpaka asubuhi. Mwanamke mwenye mimba na mzee hawawezi kujizuia. Basi umbali tunaupima kwa mambo mawili pamoja.

Kwanza, kutoka kisima au chemchemi: mita 30 au zaidi, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Hapo hakuna majadiliano. Kama jirani ndiye mwenye kisima, kipimo ni kilekile. Pili, kutoka nyumba: mita 6 mpaka 10 zinatosha. Harufu haitawasumbua, na mtu akisimama kwenye mlango wa nyuma anaona mlango wa choo. Angalieni moshi wa jikoni unaelekea wapi siku nyingi. Choo kiwekwe upande ambao upepo unaondoka, si upande unaotoka. Njia ya kwenda huko iwe safi, isiwe na migomba ya kuficha mtu, na kama mna taa ndogo ya jua, pahali pake ni hapo.

Vipimo vya duche

Mtu mzima mmoja anaoga kwenye nafasi ndogo, lakini mama anayeogesha mtoto kwenye baseni anahitaji pahali pa kuinama. Mita 1,5 kwa mita 1,5 inatosha familia. Mlango uwe na sentimita 80, ili bibi anayeshikwa mkono apite pamoja na anayemshika. Ukuta upite kichwa cha mtu mrefu, na mlango ufungwe kwa ndani. Wekeni jiwe la kukalia, misumari ya nguo, na kamba ndani ya duche pahali jua linafika. Wasichana wanahitaji kufua na kuanika vitambaa vyao bila kuonwa; kitambaa kisichokauka vizuri kinaleta magonjwa.

Chini pawe na sima, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Mwambieni fundi mapema, na mumwage ndoo moja ya maji mbele ya kumlipa. Maji yakibaki katikati, kazi haijaisha.

Maji ya duche yaende kwa migomba

Maji ya duche yasiingizwe kwenye shimo la choo. Yanalijaza haraka, yanabomoa kuta zake, na yanazalisha mbu. Yapelekeni kwa tiyo, mita 3 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, mpaka kwenye shimo la duara: upana mita 2, kina kama sentimita 80. Jazeni mawe kidogo pale tiyo inapotokea, kisha majani makavu, maganda ya maharagwe na mabua. Udongo mliochimba uzungushe shimo kama tuta, na juu ya tuta pandeni migomba 4 au 5. Majani yakishuka, ongezeni mengine.

Chukueni machipukizi kwenye shina lenye afya. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uko kwetu, na panga ndilo linaloutembeza. Lipitisheni kwenye moto mbele ya kukata. Na msimwagilie maji ya duche mboga zinazoliwa mbichi.

Shimo la choo litadumu miaka mingapi?

Mtu mmoja anajaza kama litri 50 za shimo kwa mwaka. Watu 8 ni litri 400. Shimo la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha mita 3, tunaacha nusu mita ya juu bila kujaza: zinabaki litri 2.500. Gawanyeni: ni kama miaka 6. Lakini mkikuta maji chini, simameni. Kati ya chini ya shimo na maji ya udongoni kunatakiwa mita 1,5 ya udongo mkavu. Pale maji iko karibu, inueni choo juu ya tuta.

Wekeni tiyo ya hewa kutoka shimoni, ipite manjanja kwa nusu mita, na wavu mgumu mdomoni. Ufundi huo ulitokea Zimbabwe miaka ya 1970: harufu inapanda juu, na nzi wanaofuata mwangaza wanafia kwenye wavu. Kwa hiyo ndani ya choo pawe na giza kidogo.

Kwa wanaokaa kwenye kiwanja cha watu

Si kila mtu ana kiwanja chake; wengine wanangojea kurudi kwao. Hao wachimbe shimo fupi la mita 1, waweke juu yake kifuniko cha sima kinachobebeka na ukuta mwepesi. Kila mara waongeze udongo na majivu. Likijaa, wahamishe kifuniko, wafunike shimo kwa udongo kama sentimita 20 au 30, na wapande mti wa avoka au mgomba. Mwenye kiwanja anabaki na mti, nao wanaondoka na kifuniko chao.

Mikono

Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2.200. Wakati ule ndoo ya kunawa ilikuwa kila mlango. Leo nyingi zimerudi jikoni. Kwenye mpango wa nyumba, pahali pa kunawa pawe kwenye njia, kati ya choo na jikoni, ili mtu asipite bila kupaona. Bidoni ya kuning'iniza, kamba ya kukanyaga, na sabuni vinatosha. Manjanja yanaweza kusaidia: paa la mita 6 kwa 8, likipata mvua ya milimita 20, linatoa litri 960. Hata mkipoteza sehemu ya tano, mnabaki na bidoni 38.

Choreni kwa majivu

Mbele ya fundi kuanza, chukueni kamba, vijiti na majivu. Choreni chini nyumba, jikoni, duche, choo, kisima na shimo la migomba. Watu wote wa nyumba wawepo, na bibi pia. Kila mmoja atembee: kutoka kitandani mpaka choo, kutoka choo mpaka pahali pa kunawa. Anayesema "hapa mimi naogopa" asikilizwe, kwa sababu majivu yanahamishwa kwa fagio, lakini ukuta unahamishwa kwa pesa. Kisha pesa ya duche na choo itengwe pamoja na ile ya manjanja.

Koperative zenye mashine ya kufyatua matofali zinaweza kutengeneza forma moja ya kifuniko cha choo na kuizungusha kwa wanachama. Kipimo cha beto ni sima 1, mchanga 2, kokoto 3, pamoja na vyuma ndani. Kisha kiloweshwe maji siku 7 mbele ya kubebwa. Ongeeni jambo hilo kwenye mkutano wenu unaokuja, na mama wapewe neno la kwanza.