Bati, Mwanga na Maua: Siri ya Sahani za Kale za Uingereza

Katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert mjini London zimehifadhiwa sahani nyeupe za karne ya 17 na ya 18, zilizopambwa kwa maua ya buluu, zambarau na manjano. Kwa mbali hudhaniwa kuwa kauri za Kichina. Lakini ukingo unapobanduka, huonekana udongo wa rangi ya mchanga, ilhali kauri ni nyeupe hadi ndani. Tofauti hiyo ni somo la kwanza kwa mkusanyaji wa vyombo hivi, na kiini chake ni kemia.

Asili ya ufundi

Ufundi huu ulianza Iraki katika karne ya 9, wafinyanzi walipojaribu kuiga kauri kutoka Uchina. Vipande vya vyombo vyao vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Ufundi ulipita Hispania na Italia hadi Antwerp. Mwaka 1567 wafinyanzi wawili wa mji huo, Jasper Andries na Jacob Janson, walihamia Norwich, Uingereza. Baadaye London, Bristol na Liverpool zikawa vituo vikuu.

Weupe hutoka wapi?

Chombo kilichomwa kwanza hadi karibu nyuzi 1,000 za sentigredi, kisha kikachovywa katika uji wa maji, unga wa kioo chenye risasi na oksidi ya bati. Kilipochomwa tena, kioo kiliyeyuka, lakini chembe ndogo mno za oksidi ya bati zilibaki ndani yake. Chembe hizo hupinda mwanga zaidi kuliko kioo kinachozizunguka. Hivyo mwanga hutawanyika kila upande, na tabaka huonekana jeupe. Mwanafunzi anaweza kuona mtawanyiko kama huo kwa kutia matone machache ya maziwa katika bilauri ya maji.

Maua yalichorwa juu ya uji uliokauka, kabla ya kuchomwa mara ya pili. Unga huo ulinyonya rangi kama karatasi ya kukaushia wino, na kosa halikufutika. Ndiyo maana maua ya tulipu katika sahani hizo yana mistari michache ya haraka. Rangi zilipaswa kustahimili moto: kobalti ilitoa buluu, manganizi zambarau, shaba kijani, na antimoni manjano.

Kutambua na kutunza

Tabaka la kioo halishikamani imara na udongo laini, hasa ukingoni. Kwa hiyo sahani ya kale isiyo na pengo hata moja yafaa ichunguzwe kwa makini, kwani huenda imetengenezwa upya. Chini ya mwanga wa urujuanimno, gundi na rangi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na kioo cha kale. Aidha, sahani nyingi zina alama tatu chini ya ukingo, mahali zilipoegemezwa tanurini.

Udhaifu huo ulichangia kuzimaliza. Kuanzia miaka ya 1760 Josiah Wedgwood aliuza vyombo imara zaidi vya rangi ya maziwa, na kufikia mwisho wa karne hiyo sahani za bati zilikuwa zimekaribia kutoweka.

Sahani hizi ni za kutazamwa, si za kulia chakula: asidi, kama ile ya ndimu, huweza kuyeyusha risasi kutoka katika kioo, na risasi ni sumu.