Mkutubi na Majaribio ya Zana za Mtandaoni: Mfano wa Swali kutoka Rusimbi
Mwaka 2006, Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, aliandaa mazoezi 23 yaliyowawezesha watumishi wa maktaba kujifunza zana za mtandaoni kwa kuzitumia wenyewe. Mbinu hiyo inamfaa hata mkutubi mwenye simu janja pekee, mradi aipime kila zana kwa swali analoweza kulihakiki.

Tuchukulie kwamba mwanafunzi wa Kata ya Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, anauliza Stanley alikutana na Livingstone hapo Ujiji tarehe ngapi. Utafutaji wa Google unaweza kutoa jibu moja: 10 Novemba 1871. Hiyo ni tarehe ya Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872. Shajara ya Livingstone, iliyochapishwa mwaka 1874, inaliweka tukio hilohilo mwezi Oktoba. Vitabu vyote viwili vinasomeka bila malipo katika Internet Archive.

Mkutubi aliyekwisha kufanya jaribio hili hamwachii mwanafunzi tarehe moja tu. Humfungulia kurasa zote mbili na kumweleza ni nani aliyeandika ipi.