SOMO: MUNGU MUUMBA, ELIMU YA VIUMBE, NA UHURU WA DHAMIRI



Leo tunajibu ulizo ambalo wazazi hutuletea mara nyingi baada ya Misa. Mtoto amerudi toka shule ya sekondari, anasema ya kuwa mwalimu amewafundisha kwamba mwili wa mtu umetokana na viumbe vya zamani. Baba yake anakasirika: “Basi, siye Mungu aliyetuumba? Kesho huendi tena shuleni!” Mama anaogopa mtoto asije akaacha Sakramenti. Mtoto naye anaogopa kunyimwa masomo yake. Je, imetupasa kuchagua kati ya shule na kanisa? Sivyo. Tueleze neno hili kwa utaratibu.

1. Wataalamu wanafundisha nini?

Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu juu ya asili ya aina za viumbe. Ninyi wakulima mtamwelewa upesi. Wakati wa mavuno mwachagua mahindi yaliyo mazuri, mwayatunza kuwa mbegu, na mwaka kwa mwaka mbegu ile yageuka kwa kufuata uchaguzi wenu. Darwin alisema ya kwamba hata porini, pasipo mkulima, uchaguzi upo. Watoto wa mnyama mmoja hawafanani kabisa: mwenye umbo la kumfaa mahali pake huishi na kuzaa, na mwenziwe hufa mapema. Mabadiliko madogo namna hiyo, yakirithiwa vizazi maelfu kwa maelfu, hugeuza aina nzima. Hayo ndiyo mageuzi ya viumbe. Wataalamu hawasemi kwamba sokwe wa misitu yetu ndiye babu yetu. Wasema ya kuwa watu na sokwe wa leo wametoka katika ukoo mmoja wa zamani sana.

2. Kesi ya Dayton

Kuna wakristu wasomao habari za siku sita za uumbaji neno kwa neno, nao huyakataa mageuzi. Mwaka 1925, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, serikali ilitoa sheria ya kuwakataza walimu wa shule zake wasifundishe ya kwamba mtu ametokana na wanyama. Mwalimu kijana wa miaka 24, John Scopes, akashitakiwa mjini Dayton mwezi wa Julai. Watu wa mbali waliisikiliza kesi hiyo kwa redio, kama mnavyotusikiliza sisi leo. Akatozwa faini ya dola 100. Mwaka 1927 mahakama ya juu iliitangua hukumu ile, kwa sababu hakimu aliiweka faini mwenyewe badala ya baraza la wazee wa kesi; lakini sheria yenyewe ilidumu hata mwaka 1967. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya namna hiyo katika jimbo la Arkansas, ikasema: serikali isitumie shule zake kwa kutetea fundisho la dini moja.

Fikirini sasa. Kwa miaka 42 sheria ya Tennessee iliweza kufunga kinywa cha mwalimu. Moyo wa mtu haukuweza kufunguliwa nayo. Imani ni neema ya Mungu na itiko la mtu, askari haileti.

3. Eklezia yafundisha nini?

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alikwisha kuwaonya wakristu: msiseme ovyo juu ya nyota na wanyama mbele ya watu wenye kuzijua habari hizo, wasije wakayacheka Maandiko Matakatifu kwa ajili yenu. Mwaka 1950 Papa Pio XII aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu umetokana na viumbe hai vya kale, akawaonya wasiharakishe kulihesabu jambo hilo kuwa limekwisha kuthibitika. Lakini roho ya kila mtu, akafundisha, huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba maarifa mapya yameyaonyesha mageuzi kuwa zaidi ya dhana tu.

Tazameni nyumba yenu. Fundi atawaeleza jinsi matofali yalivyochomwa. Baba mwenye nyumba atawaeleza kwa nini aliijenga, na kwa ajili ya nani. Hawapingani. Kitabu cha Mwanzo chatuambia nani aliyetuumba na kwa nini; elimu yatafuta ni kwa njia gani. Mwalimu akisema kwamba elimu imeonyesha hakuna Mungu, naye amepita mpaka wake, maana Mungu hapimwi kwa mizani.

4. Uhuru wa dhamiri

Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza ya kuwa mtu asilazimishwe katika mambo ya dini kutenda kinyume cha dhamiri yake. Tena ulisema ya kuwa wazazi wana haki ya kuwalea watoto wao katika dini. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 22, yampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Basi, jirani yetu wa kanisa lingine akishika siku sita neno kwa neno, tusimcheke wala tusimgombeze. Tujadiliane naye kwa upole.

Nawe mzazi, usimtoe mtoto wako shuleni. Keti naye jioni, umwulize aliyofundishwa, kisha usali pamoja naye Nasadiki. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya ulizo lake ataona ya kuwa Mungu anaogopa maulizo.

Maulizo ya kukumbuka

Ulizo: Nani ameumba vitu vyote?
Jibu: Mungu ameumba vitu vyote, vionekanavyo na visivyoonekana.

Ulizo: Je, mkristu aweza kujifunza mageuzi ya viumbe?
Jibu: Aweza, akishika ya kwamba Mungu ndiye Muumba, na ya kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu mwenyewe.

Ulizo: Je, ni halali kumlazimisha mtu kusadiki?
Jibu: Si halali, maana Mungu ataka tumwitikie kwa hiari.

Mungu Muumba awabariki ninyi na watoto wenu. Kwa herini hata somo lijalo.